Umbali au mshahara: kwa nini mshahara unapotea kwenye hesabu ya wahamiaji wa ndani?

MpimaNjia aliuliza:

Wakuu, naomba msaada. Nina jedwali la wahamiaji wa ndani kutoka sensa ya 2012, mikoa 25 ya Tanzania Bara, yaani jozi 600 za mkoa wa kutoka na mkoa wa kwenda. Nataka kujua kipi kinaamua zaidi mtu aende wapi, umbali au mshahara. Nimetumia modeli ya mvutano: watu wa huku mara watu wa kule, gawanya kwa umbali, kisha nikaongeza mshahara wa wastani wa mkoa wa kwenda. Nimepiga logi kila kitu nikapitisha rigresheni ya kawaida ya mstari, yaani hesabu ya kupima kila kigezo kinaeleza uhamaji kwa kiasi gani.

Umbali unatoka hasi na una nguvu, kama ilivyotarajiwa. Mshahara unatoka karibu na sifuri, na nikiweka dami (kigezo cha 1 au 0) ya kila mkoa wa kwenda programu inaufuta kabisa. Jozi zenye sifuri nimeziongezea 1 ili logi ikubali. Umbali ni mstari mnyoofu kati ya vitovu vya mikoa. Mshahara ni wa sekta rasmi.

Je, kweli mshahara hauna uzito kwa mtu anayetoka Kigoma au Lindi? Au nimekosea mahali?

---

MchumiIlala alijibu:

Mkuu, mshahara una uzito. Tatizo ni kwamba mshahara uliouweka sio anaoutazama mhamiaji, na namna ulivyokadiria imeubana zaidi. Nianze na jedwali lenyewe, maana huko ndiko mambo yanakoharibika kabla hata hujafika kwenye nadharia.

Angalia kwanza ni swali lipi la sensa limezaa jedwali lako. Sensa ya 2012 iliuliza mtu alizaliwa wapi, na iliuliza pia alikuwa akiishi wapi mwaka 2011. Jedwali la mahali pa kuzaliwa linamweka kapu moja mzee aliyefika Tanga kukata mkonge mwaka 1955 na kijana aliyeshuka Ubungo juzi. Uamuzi wa yule mzee huwezi kuueleza kwa mshahara wa leo. Kwa kupima mshahara tumia jedwali la mwaka mmoja. Lile la kuzaliwa lisitupwe, litakufaa kupima ndugu waliotangulia kuhamia huko.

Kisha mipaka. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni mikoa iliyoanzishwa 2012. Manyara ilimegwa kutoka Arusha 2002. Mtu aliyezaliwa Chato ilipokuwa Kagera, asihame hata siku moja, anaweza kuingia kwenye jedwali kama mhamiaji wa kutoka Kagera kwenda Geita endapo aliyejibu alitaja mkoa wa zamani. Wahamiaji hewa wa namna hii wote huangukia jozi za mikoa jirani, kwa hiyo wanaukuza umbali kwa uongo. Unganisha mikoa irudi kwenye ile 21 ya mwaka 2002, upate jozi 420, ukadirie tena. Nguvu ya umbali ikipungua sana, ujue sehemu yake ilikuwa mipaka tu.

Sifuri. Ukiongeza 1 kila mahali, tofauti kati ya mhamiaji 0 na mhamiaji 1 inakuwa ln 2, yaani 0.69. Tofauti kati ya wahamiaji 999 na 1,999 nayo ni 0.69. Umeipa jozi yenye mtu mmoja aliyepotea njia uzito sawa na jozi yenye mkondo mzima. Acha logi upande wa kushoto. Tumia rigresheni ya Poisson kama walivyopendekeza Santos Silva na Tenreyro mwaka 2006: wahamiaji wanabaki idadi yao halisi, sifuri zinakubalika, na upande wa kulia ndiko unakopiga logi. Kwenye programu ya takwimu ya Stata amri ni ppmlhdfe, kwenye R ni fepois iliyo ndani ya kifurushi cha fixest. Makosa ya makadirio yafunge kwa makundi (cluster) ya jozi au ya mkoa wa kwenda, usiyachukulie kuwa hayahusiani.

Sasa zile dami. Ukiipa kila mkoa wa kwenda dami yake, dami hiyo inameza kila kitu ambacho ni kilekile kwa wote wanaoenda mkoa huo, na mshahara ni mmojawapo. Programu haikukosea kuufuta. Fanya kwa hatua mbili: hatua ya kwanza weka dami za mikoa ya kutoka na za mikoa ya kwenda pamoja na umbali, hatua ya pili chukua thamani za dami za mikoa ya kwenda, uzieleze kwa mshahara, watu na bei. Hatua ya pili itakuwa na mistari 21 tu, kwa hiyo usirundike vigezo vingi.

Mshahara wenyewe ndio kiini. Wastani wa sekta rasmi kwa Lindi au Kigoma unabebwa na walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri, na hao wanalipwa kwa viwango vya taifa zima. Ndiyo maana mikoa inaonekana kulingana. Geita nayo inapanda kwa sababu ya watu wachache walioajiriwa mgodini. Kima cha chini hakikusaidii pia, kwa sababu kwetu kinapangwa kwa sekta, sio kwa mkoa. Namba isiyotofautiana kati ya mahali na mahali haiwezi kueleza kwa nini watu wanakwenda mahali fulani na kuacha pengine.

Ingia kwenye Utafiti wa Nguvukazi. Chukua wenye miaka 15 hadi 35, wenye ajira na waliojiajiri, wa rasmi na wasio rasmi, kisha tumia mapato ya mtu wa katikati badala ya wastani. Tumia ule wa 2006, usitumie wa 2014, kwa sababu wahamiaji wakishafika wanaweza kuyashusha mapato ya walikofika, na utakuwa unapima matokeo ukiyaita chanzo. Kisha yarekebishe mapato hayo kwa bei za kila mkoa. Dar wenye nyumba wengi wanadai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na kwa anayetoka kijijini huo ndio mlango mgumu kuliko nauli.

Ukitaka kueleza dami za mikoa ya kutoka, usiweke mshahara kabisa. Mkulima hana mshahara. Weka matumizi ya kaya kwa kichwa kutoka Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya.

Ukishapata vipeo viwili, yaani namba zinazoonyesha wahamiaji wanabadilika kiasi gani umbali au mshahara ukibadilika, visome pamoja. Kwa mfano tu, tuseme kipeo cha umbali ni −0.7 na cha mshahara ni 0.5. Umbali ukiongezeka mara mbili, wahamiaji wanabaki 2 kwa kipeo −0.7, yaani 0.62, pungufu ya asilimia 38. Mshahara ukipanda asilimia 10, wahamiaji wanaongezeka karibu asilimia 5. Ili mji ulio mbali mara mbili uvute sawa na wa karibu, inabidi ulipe 2 kwa kipeo 1.4, ambayo ni mara 2.64. Kipeo kimoja kimoja hakikuambii hilo.

---

NyotaYaZiwa alijibu:

Naongezea kwenye umbali, maana mstari mnyoofu nchini kwetu unadanganya vibaya.

Kitovu cha mkoa mara nyingi ni pori. Pima kutoka mji mkuu wa mkoa hadi mji mkuu wa mkoa, kwa barabara. Bukoba na Mwanza kwa mstari zimekaribiana, kati yake kuna ziwa. Mtu anapanda meli usiku kucha au anazunguka kwa gari kupitia Geita, na hadi Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, mzunguko huo ulikuwa na foleni ya kivuko. Lindi na Mtwara zilikatwa na mto Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Kabla ya hapo masika ikikolea, kilomita zilezile zilikuwa safari ya siku kadhaa. Kilomita hazikubadilika, umbali ulibadilika. Kwa hiyo weka vipimo viwili, saa za safari na nauli, ukadirie kwa kila kimoja peke yake. Ukiviweka pamoja vitagombana kwa sababu vinaenda sambamba.

Nauli pia isome kama sehemu ya kipato. Treni ya umeme ilipoanza 2024, Dar hadi Morogoro daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 na Dar hadi Dodoma 31,000. Kwa mwenye kibarua cha kila siku hiyo ni safari ya kwenda na kurudi msibani bila kuacha kazi. Na hilo la kurudi linahesabiwa: anayehama anapiga nauli ya kwenda, ya kurudi kuzika, na ya kurudi kabisa mambo yakikwama.

Kitu cha pili ni kilichopo njiani. Stouffer alilisema hili mwaka 1940: mtu hazuiwi na kilomita, anazuiwa na nafasi anazozikuta kabla hajafika. Wa Kagera akielekea Dar anakutana na Geita, Mwanza, Kahama, Shinyanga. Wa Lindi akielekea Dar hakutani na mji mkubwa wowote. Ukiwa na umbali tu kwenye hesabu, tofauti ya hawa wawili unaiona ni kilomita tu. Kulipima ni rahisi: kwa kila jozi, jumlisha wakazi wa mijini wa mikoa yote iliyo karibu na mkoa wa kutoka kuliko ulivyo mkoa wa kwenda. Weka logi ya jumla hiyo kama kigezo. Umbali wenyewe utalegea.

Na swali lako la mshahara lina jibu zuri kutoka Kagera. Kuna kaya zilizohojiwa 1991 hadi 1994, wakafuatiliwa watu wake mmoja mmoja mwaka 2004 na tena 2010, hata waliohamia mbali. Beegle, De Weerdt na Dercon walilinganisha waliotoka kijijini na wenzao wa kaya ileile waliobaki. Hadi 2004, matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ya waliobaki. Ndugu wa nyumba moja hao, malezi yaleyale. Faida ya kuondoka ni kubwa kuliko nauli ya basi mara nyingi sana, na bado wengi hawakuondoka. Walipofuatiliwa hadi 2010 ikaonekana pia kwamba katika waliotoka kwenye umaskini, ni mmoja tu kati ya saba aliyepitia jiji kubwa, ingawa waliofika jijini ndio waliopanda haraka zaidi kwa wastani. Wengi zaidi walipitia miji midogo na shughuli zisizo za shamba. Wanakwenda panapofikika, hata kama panalipa kidogo kuliko mbali.

---

MpimaNjia alijibu:

Nashukuru sana, MchumiIlala na NyotaYaZiwa. Jedwali langu kweli ni la mahali pa kuzaliwa. Nimebaki na jambo moja. Nikiangalia mabaki ya modeli, yaani tofauti kati ya wahamiaji halisi na waliokadiriwa, Kigoma kwenda Tanga inazidi makadirio kwa mbali, na Ruvuma kwenda Tanga vilevile. Hizo ni pembe za nchi zinazotazamana kwa mbali. Umbali ungekuwa na nguvu, zisingekuwa hivyo. Nifute jozi hizo kama kasoro?

---

KumbukumbuZaMkonge alijibu:

Usifute, ndugu. Hizo jozi ndizo zinazokufundisha umbali ni nini.

Mashamba ya mkonge ya Tanga yalizungukwa na Wasambaa, Wabondei na Wazigua. Umbali wao ulikuwa mwendo wa miguu. Lakini walikuwa na chakula chao, na walikuwa na cha kuuza, ikiwemo kuwauzia mashamba yenyewe. Kukata mkonge ni kazi ya kuchosha na ya miiba, na mshahara wake haukuyashinda mapato ya shamba lao. Walikuja kwa vipindi vifupi au hawakuja. Wenye mashamba walitaka watu ambao hawawezi kurudi nyumbani jioni.

Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kikaunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, ikajulikana kama SILABU, kifupi cha Sisal Labour Bureau. Iliandikisha Buha, ambayo ni Kigoma ya leo, Songea na kwingineko, hata nje ya mipaka. Huko kodi ya serikali ilidaiwa kwa fedha taslimu na njia za kupata fedha zilikuwa chache. Aliyeandikishwa alipewa namba, ndiko lilikotoka jina manamba, akasafirishwa kwa lori na treni kwa gharama ya mwajiri, na kulishwa kambini njiani. Kwa Mha wa Kasulu, nauli ya kufika Tanga ilikuwa sifuri. Kwa kilomita zaidi ya elfu moja alilipa kidogo kuliko ambacho angelipa kwenda kutafuta kazi Tabora kwa miguu na chakula chake.

Nauli ile haikuwa zawadi. Ililipwa kwa kufungwa na mkataba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyotakiwa kujazwa ndani ya siku 42. Siku ambayo hukumaliza sehemu yako ya kazi haikuandikwa. Aliyelipa nauli ndiye aliyechagua mahali pa kwenda, na ndiye aliyepanga lini utatoka.

Kwa hesabu yako: mkondo ule ulififia miaka ya 1960, kima cha chini kilipopandishwa na bei ya mkonge ikaanza kushuka, mashamba yakapunguza watu. Lakini waliobaki walizaa, wakaita wadogo zao. Chukua sensa ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, jedwali la mahali pa kuzaliwa, uone kila mkoa ulikuwa na watu wangapi kutoka kila mkoa. Weka logi ya idadi hiyo kuwa kigezo cha ndugu waliotangulia. Utahitaji kuioanisha mikoa yako na mipaka ya wakati huo, kazi ya siku mbili tatu, ila inalipa. Jozi ya Kigoma na Tanga itaacha kuonekana kasoro.

---

PwaniYaKenya alijibu:

Mimi niko upande wa Kenya, na huku kuna jaribio zuri la hoja ya mshahara kwa sababu kima chetu cha chini kinatofautiana kwa mahali. Agizo la 2022 kwa kibarua wa kawaida lilikuwa hivi: Nairobi, Mombasa na Kisumu shilingi 15,201.65 kwa mwezi; zilizokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru 14,025.40, sehemu nyingine zote 8,109.90.

Ukitazama haraka, kwa agizo hilo Nairobi ililipa karibu mara 1.9 ya kijijini. Lakini mtu hapewi mshahara kwa kufika, anapewa kwa kupata kazi. Hilo ndilo Todaro aliloandika 1969, na 1970 pamoja na Harris, wakitazama hasa Kenya. Zidisha mshahara kwa uwezekano wa kuupata. 8,109.90 gawanya kwa 15,201.65 ni 0.53. Yaani kama nafasi ya kupata kazi Nairobi ni zaidi ya asilimia 53, safari ina faida. Chini ya hapo ni hasara, na hatujatoa kodi ya chumba. Kwa kundi la Ruiru kizingiti ni asilimia 58. Ndugu akiwa Nairobi anabadilisha pande zote mbili za hesabu: anakupa pa kulala, na anajua mjengo gani unachukua watu Jumatatu. Kwa hiyo kigezo cha ndugu sio nyongeza ya umbali tu, kinagusa mshahara pia.

Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira, waajiri binafsi kwa asilimia 10 na serikali asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mshahara. Habari ikafika mashambani, waliojiandikisha kutafuta kazi wakafurika. Uwezekano wa kupata kazi ulionekana umepanda, watu wakaja kuufuata, na kwa kuja kwao ukashuka tena. MpimaNjia, weka basi kiwango cha ajira cha mkoa wa kwenda, cha rika la vijana, ukizidishe kwa mapato kabla ya kupiga logi.

Nako Ghuba, aliyosimulia KumbukumbuZaMkonge yanaendelea. Doha iko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Nairobi. Tangu Machi 2021 kima cha chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipotoa malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Riyali 1,000 ni karibu dola 275, na kwa anayelala na kula kwa mwajiri nyingi yake inaweza kutumwa nyumbani. Tiketi anakata mwajiri au wakala. Ndiyo sababu msichana asiye na nauli na akiba ya kuanzia maisha Nairobi anafika Doha. Gharama haikufutwa, imegeuzwa kuwa miaka miwili ya mkataba, na kama wakala alimtoza ada kinyume cha utaratibu, ni deni pia. Ukiona mtu karuka mji wa karibu kwenda wa mbali, uliza nani kalipa tiketi.

---

MchumiIlala alijibu:

Hoja ya nani analipa inapimika. Kaskazini mwa Bangladesh, Rangpur, mwaka 2008 Bryan, Chowdhury na Mobarak walizipa kaya dola 8.50, karibu nauli ya basi, kwa sharti kwamba mtu mmoja aende kutafuta kazi msimu wa njaa. Asilimia 22 ya kaya zikatuma mtu ambaye vinginevyo asingekwenda, na chakula cha familia kikaongezeka. Faida ilikuwepo siku zote. Kilichowazuia ni kwamba mtu aliye ukingoni mwa njaa, safari ikishindikana, hapotezi nauli tu, watoto wanalala bila kula. Kwa hiyo usitarajie kipeo kimoja cha umbali kwa watu wote. Gawa sampuli kwa elimu kama jedwali linaruhusu: waliomaliza la saba, na wa sekondari kwenda juu. Kwa kundi la pili kipeo cha umbali mara nyingi huwa kidogo na cha mshahara kikubwa.

Mfuatano wangu, MpimaNjia: mikoa 21, jedwali la 2011 hadi 2012, Poisson, saa za safari badala ya kilomita, nafasi zilizopo njiani, ndugu wa sensa ya 1967. Ongeza kimoja kimoja, andika kipeo cha umbali kila hatua kimebadilika kiasi gani. Jedwali hilo la mabadiliko ndilo jibu la swali lako. Mapato mara ajira yaje mwisho, kwenye hatua ya pili ya mistari 21.

Tahadhari moja: ndugu wa 1967 nao walikwenda kwa sababu ya umbali wa wakati wao. Kwa hiyo umbali utakaobaki baada ya kuwaweka ni wa leo tu, sio wote. Ripoti matokeo yenye ndugu na yasiyo nao, bega kwa bega.

---

MpimaNjia alijibu:

Nimeelewa. Naanza na kuunganisha mipaka. Swali dogo: Dar es Salaam na Pwani niziunganishe pia? Anayehama Ilala kwenda Kibaha anatoka kama mhamiaji wa mkoa, na kazi yake bado iko Kariakoo.

---

MchumiIlala alijibu:

Kadiria mara mbili, zikiwa zimeunganishwa na zikiwa zimetengana. Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga zinapokea watu wanaofuata viwanja, wala sio mshahara, na jozi hiyo moja ni kubwa kiasi cha kuvuta kipeo peke yake. Matokeo yakitofautiana sana, chukua ya zilizounganishwa.